Damu ao mlango? Wahamiaji wa Uganda na wa Italia katika Uingereza

SOMO LA MWEZI



Wale waliokuwa karibu na kisima wakati wa rekreasyo, juma lililopita, wanakumbuka ugomvi uliotokea. Mwenzetu mmoja, aliyefika kwa mashua pamoja na mama yake juu ya vita ya Kivu, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Mwingine akasema kwa sauti: «Bakimbizi ni bakimbizi tu. Bahindi banazaliwaka na biashara mu damu, njo maana hata ukibafukuza banapanda tena. Bengine banabakiaka chini.» Yule wa mashua akamrukia.

Mimi kama kapita nilipaswa kuwaachanisha, na niliwaachanisha. Lakini neno lile lilikaa kichwani, kwa sababu mimi pia ni mtoto wa mkimbizi. Jamaa yetu ilifika Kalemie mwaka 2017 kutoka upande wa Nyunzu, wakati wa mapigano, nami nilikuwa na miaka tisa. Basi nikamwuliza mwalimu wetu wa historia: Je, ni kweli kwamba ni damu? Akanijibu: «Usikasirike. Linganisha.» Akanipa mfano wa watu wa namna mbili waliohamia inchi moja ya Uingereza, na somo hili limetoka hapo.

1. NAMNA YA KULINGANISHA

Kabla ya kusema kwamba watu hawa wameendelea na wale wamebaki nyuma, tuulize maswali manne juu ya kila kundi:

a) Walitoka wapi, na walikuwa wakifanya kazi gani kwao?
b) Walifika namna gani: kwa kufukuzwa, ao kwa kuitwa?
c) Walikuwa na karatasi gani mkononi?
d) Je, njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi ao imefungwa?

Mtu akilinganisha mali tu, bila kuuliza maswali hayo, ni sawa na kulinganisha mihogo ya shamba mbili bila kuuliza ipi ilipandwa mbele ya mvua.

2. WATU WA UGANDA

Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria, toka 1896 mpaka 1901, walileta watu karibu 32,000 kutoka India. Wengi wao walirudi kwao. Wachache tu walibaki. Lakini nyuma ya reli walikuja wenye maduka, wengi wao watu wa Gujarat. Mmoja aliyejulikana sana ni Allidina Visram, ambaye maduka yake yalifuata njia ya bara mpaka Uganda. Halafu vikaja viwanda vikubwa: Nanji Kalidas Mehta alianzisha sukari kule Lugazi, na Muljibhai Madhvani kule Kakira. Kwa miaka mingi Wahindi wa Uganda walikuwa wenye maduka, makarani, walimu, waganga na mafundi. Utawala wa kikoloni ulikuwa umewaweka katikati: chini ya Mzungu, juu ya Mwafrika. Tusifiche jambo hili, maana chuki iliyokuja baadaye ilipata mizizi yake hapo.

Mwezi wa nane mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wenye uraia wa inchi zingine watoke katika siku 90. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8 mwezi wa 11. Waliacha nyumba, maduka, magari na mashamba. Waliruhusiwa kubeba feza kidogo tu, karibu pauni 50 kwa jamaa, na hata hizo wengine walinyanganywa na askari katika vizuizi vya njia ya Entebbe. Watu karibu 28,000 walipokelewa Uingereza. Maelfu wengine walikwenda Kanada, India na fasi zingine. Wale wasiokuwa na uraia wa inchi yoyote walipelekwa kwanza katika kambi za kupitia, na kati ya inchi zilizowapokea hivyo ilikuwamo Italia yenyewe.

Uingereza iliwaweka katika kambi 16, nyingi zilikuwa kambi za zamani za askari. Halmashauri ya mji wa Leicester ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda Argus, mwezi wa tisa 1972, kwamba nyumba na masomo katika mji wao vimejaa, basi watu wasije. Serikali nayo iligawanya inchi kwa rangi: miji «miekundu» ambayo wageni hawakutakiwa kwenda, na miji «ya kijani» ambayo waliweza kwenda. Hata hivyo maelfu walikwenda Leicester, kwa sababu ndugu zao walikuwa kule mbele yao. Mkimbizi hufuata ndugu. Tangazo la gazeti halimzuii.

Tusidhani walifika na kufungua maduka kesho yake. Mtu aliyekuwa mwalimu ao mwenye magazini alisimama kwenye mashine usiku kucha. Mama aliyekuwa na wafanyakazi nyumbani kwake Kampala alishona nguo katika kiwanda. Mwaka 1974 wafanyakazi Wahindi wa kiwanda cha Imperial Typewriters kule Leicester, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki, waligoma karibu miezi mitatu juu ya malipo na ubaguzi. Mwaka 1975 kiwanda kikafungwa.

Kufungwa kwa njia ya viwanda ndiko kulikosukuma wengi kwenye biashara ndogo. Jamaa iliunganisha mishahara ya watu watatu ao wane, ikanunua duka dogo la pembeni ambalo mwenyewe Mwingereza alikuwa amechoka nalo. Walifungua mapema na kufunga usiku. Watoto walifanya masomo yao nyuma ya meza ya kuuzia. Leo barabara ya Belgrave katika Leicester inajulikana Uingereza nzima kwa maduka yake ya nguo, dhahabu na vyakula vya Kihindi. Mji uliosema «msije» leo unawakaribisha wageni waje kuona sikukuu ya Diwali kule.

3. WATU WA ITALIA

Sasa tuwaone wengine. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na miji iliyobomolewa na mabomu, na ilihitaji matofali kwa mamilioni. Karibu na mji wa Bedford kulikuwa na viwanda vikubwa vya matofali vya London Brick Company. Waingereza wengi hawakupenda kazi ile. Sisi wa Kalemie tunajua tanuru ya matofali ni nini: moshi, vumbi, na joto linalokausha mate kinywani. Basi fikirini kuingia ndani ya tanuru ambayo bado ina moto, kutoa matofali kwa mikono, siku nzima, mwaka mzima.

Toka 1951 kampuni ilituma watu wake Italia ya kusini kutafuta vijana. Waliokubaliwa walipimwa afya kule Napoli, wakapandishwa gari la moshi. Katika miaka kumi hivi zaidi ya wanaume 7,000 walifika Bedford. Walitoka vijiji vya wakulima maskini vya Campania, Molise, Puglia, Calabria na Sisilia. Wengine walitoka kijiji kimoja: Busso, Montefalcione, Sant'Angelo Muxaro. Wengi walikuwa wamesoma miaka michache tu, na Kiingereza hawakukijua hata kidogo.

Walifika kwa mkataba wa miaka minne. Ndani ya miaka hiyo hawakuwa na uhuru wa kuchagua kazi ingine, na walipaswa kujiandikisha kwa polisi kama wageni. Wengi walilala katika kambi zilizokuwa za wafungwa wa vita. Wengine walishindwa wakarudi. Waliobaki walifanya masaa ya ziada, wakaunganisha feza wawili watatu, wakanunua nyumba ya zamani na kupangisha vyumba kwa wenzao. Halafu waliita wake zao ao wachumba wao. Mwaka 1954 Italia ilifungua ofisi ya vice-consul Bedford, na mwaka 1965 wakapata kanisa lao, Santa Francesca Cabrini.

Baada ya miaka arobaini na hamsini wengi wa wazee wale walikuwa na nyumba yao, pensheni yao, na watoto waliosoma. Lakini wachache wao waliacha tanuru na kuwa matajiri. Walipanda polepole, na waliopata kazi ya ofisi, ya ualimu ao biashara kubwa mara nyingi ni watoto na wajukuu. Kiwanda cha mwisho cha Stewartby kilifungwa mwaka 2008, na moto ule ukazimika. Leo inakadiriwa kwamba watu karibu 14,000 katika Bedford wana asili ya Italia.

4. SASA TULINGANISHE

Kwa macho ya haraka tutasema: Wahindi wa Uganda walifika bila kitu wakawa wenye maduka katika miaka kumi ao kumi na tano, Waitalia walifika na mkataba wa kazi, lakini wengi walibaki wafanyakazi mpaka uzee. Je, ni damu? Turudie maswali yetu.

Walichobeba kichwani. Amin aliweza kunyanganya duka, lakini hakuweza kunyanganya hesabu. Mtu aliyeongoza duka miaka ishirini anajua kununua kwa jumla, kuandika deni, kusoma mkataba na kuongea na banki. Wengi walikuwa wamesoma Kiingereza toka utoto. Mkulima wa Molise alikuwa na akili sawasawa na yeye, lakini akili yake ilikuwa imefunzwa juu ya zabibu, ngano na mbuzi, na kule Bedford hapakuwa na mtu aliyeihitaji.

Karatasi. Wengi wa waliofukuzwa Uganda walikuwa na pasipoti ya Uingereza. Ni kweli kwamba sheria ya 1968 ilikuwa imewafungia mlango, na mwaka 1972 ulifunguliwa kwa shida. Lakini wakisha kuingia waliweza kufanya kazi yoyote, kuhama mji na kupiga kura. Mwitalia alifungwa kwenye tanuru moja kwa miaka minne. Ni tarehe 1 mwezi wa kwanza 1973 tu, Uingereza ilipoingia katika Soko la Pamoja la Ulaya, ndipo Waitalia walipoanza kufaidi uhuru wa inchi za soko lile. Angalieni tarehe: ni chini ya miezi miwili baada ya siku ya mwisho ya Amin.

Namna ya kufika. Mwitalia aliitwa peke yake, kijana, kwa sababu ya mikono yake. Mhindi alifukuzwa na jamaa yake nzima: nyanya, baba, mama, watoto, wajomba. Hiyo ilikuwa taabu kubwa katika kambi, lakini katika duka ni nguvu, maana hakuna mshahara wa kulipa mtu wa nje.

Njia ya kurudi. Hili ndilo lililonishika zaidi. Mwitalia wa Bedford alikuwa na mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Kila mwaka alisema: bado miaka mitano nirudi. Feza yake aliituma kijijini, akajenga nyumba nzuri ambayo mara nyingi ilikaa imefungwa, inafunguliwa mwezi wa nane tu. Mhindi wa Uganda hakuwa na njia ya kurudi. Nyumba yake ya Kampala au ya Jinja ilikuwa na askari ndani. Kila pauni aliyopata aliiweka pale alipokuwa. Hakuwa na akili zaidi; mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, basi alisukuma ule wa mbele.

5. USHAHIDI KWAMBA SI DAMU

Kama ingekuwa damu, Waitalia wote wangebaki kwenye matofali. Lakini mbele ya wale wa Bedford kulikuwa na Waitalia wengine, waliofika Scotland, Wales na London kuuza barafu tamu na kahawa. Hao walifika kama wachuuzi, na walipanda kama wachuuzi. Charles Forte alizaliwa katika kijiji cha Monforte mwaka 1908, akapelekwa Scotland akiwa mtoto. Mwaka 1935 alifungua duka la maziwa London, na mwishoni alikuwa mmoja wa wenye hoteli wakubwa wa dunia. Damu moja, kazi mbili, mwisho mbili.

Tena walionja uchungu wa kuwa mgeni. Mussolini alipoingia vitani mwezi wa sita 1940, Waitalia waliokaa Uingereza miaka mingi walikamatwa kama maadui. Tarehe 2 mwezi wa saba meli Arandora Star, iliyokuwa ikiwapeleka Kanada, ilizamishwa na Wajerumani, na Waitalia zaidi ya 400 walikufa majini.

Na upande wa Wahindi ni vile vile. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza mwaka 1994 ulionyesha kwamba Waasia waliotoka Afrika walikuwa na mapato karibu sawa na Waingereza weupe, lakini Wapakistani na Wabangladeshi, wengi waliotoka vijijini moja kwa moja kwenda viwandani, walikuwa chini sana. Hao ni watu wa bara moja! Waliotofautiana ni katika masomo, lugha na kazi ya kwanza. Tena si kila Mhindi wa Uganda alifaulu. Wazee waliofika wakiwa na miaka sitini, wajane, na wanawake ambao waume wao wasio na uraia walipelekwa inchi ingine, wengi wao hawakupata tena hali yao ya kwanza. Ni wale waliofaulu ndio wanaosimuliwa magazetini.

Neno lingine: «watu wa Uganda» hawakuwa Wahindi tu. Waafrika weusi wengi walimkimbia Amin pia. John Sentamu alikuwa mwanasheria. Amin alimfunga, na mwaka 1974 akakimbilia Uingereza. Alisoma teolojia Cambridge, na mwaka 2005 akawa Askofu Mkuu wa York, Mwafrika mweusi wa kwanza katika cheo kile. Yeye pia alibeba kitu ambacho askari wa kizuizi hawezi kukivua mtu: masomo.

6. NA WALIOFUKUZA?

Maduka ya Uganda yaligawiwa askari na marafiki wa serikali. Wengi waliuza vilivyokuwamo bila kujua bei ya kununulia vingine. Inchi iliyotengeneza sukari ikakosa sukari. Baadaye, toka miaka ya 1980, serikali zilizofuata zilianza kurudisha mali. Wamadhvani walirudi Kakira na kuanza tena.

Tusicheke jirani. Sisi tulifanya vile vile. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza Zairianisation, na maduka na mashamba ya Wagreki, Wareno, Wahindi na Wapakistani yalipewa wenyeji walioitwa acquéreurs. Wazee wetu wanasimulia namna rafu za magazini zilivyobaki tupu. Mwaka 1976 serikali ikaanza kuita wenyewe warudi. Duka si kuta na vitu tu. Ni kujua pia, na kujua hakuwezi kugawiwa kwa ordonnance.

7. SISI WA KALEMIE

Mji huu wetu umejengwa na wageni. Wazee waliofanya kazi ya reli ya CFL, bandarini na katika kiwanda cha Filtisaf walitoka fasi nyingi, wengi kwa mkataba, sawa na Waitalia wa Bedford. Filtisaf ilipofungwa, wengi walibaki na mikono tu. Wengine wetu tumekuja na vita. Basi kwa yule aliyesema neno la damu karibu na kisima, jibu langu ni hili: mkimbizi huinuliwa na anachobeba kichwani, karatasi anayopewa, mlango anaofunguliwa, na fasi anayoweka feza yake. Katika hayo mane, mawili yamo mikononi mwa wenyeji. Mtoto akirudishwa nyumbani juu ya minervali, tusiseme baadaye kwamba hakuzaliwa na akili.

Na kwa sisi wakimbizi pia nina neno, nalo ni zito kwangu. Toka 2017 baba yangu anasema: «Mwaka kesho tunarudi.» Parseli ilipokuwa ya bei ya chini hakununua. Kila akipata feza ananunua bati moja la nyumba ya Nyunzu na kuliweka chini ya kitanda. Yalikuwa yamefika kumi na mbili. Dada yangu mdogo naye alikuwa na deni la masomo la miezi mitatu. Nilipomaliza kuandika sehemu ya nne ya somo hili nilimsomea baba habari ya nyumba za Waitalia zinazofunguliwa mwezi wa nane tu. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: «Mwanangu, mutu akisahau kwao, anabakia nani?» Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kutamani kwao si ujinga.

Lakini Jumamosi iliyofuata niliinama kufagia, nikahesabu mabati manane. Jumatatu dada yangu aliingia klasi na karatasi ya malipo mkononi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo mane yaliyotofautisha Wahindi wa Uganda na Waitalia wa Bedford. Lipi unaona lina nguvu zaidi, na kwa nini?
2. Kwa nini habari ya Charles Forte inavunja maneno ya wale wanaosema «ni damu»?
3. Linganisha yaliyotokea Uganda mwaka 1972 na yaliyotokea Zaire mwaka 1973. Ni nini kilifanana? Ni nini kilitofautiana?
4. Uliza mzee mmoja wa kwenu: alifika Kalemie mwaka gani, kwa mkataba, kwa biashara ao kwa vita? Feza yake ya kwanza aliiweka wapi? Andika majibu yake katika ukurasa mmoja.
5. Kuna mgeni katika klasi yako? Ni mlango gani ambao wewe mwenyewe unaweza kumfungulia, bila kungojea direkta?

Majibu ya swali la nne mniletee mbele ya Ijumaa. Yaliyo mazuri tutayachapa katika toleo lijalo, bila kutaja majina ya wazee.

Kapita wa wanafunzi, klasi ya sita